Risala ya Waelimishaji Rika wa Kirumba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya UKIMWI Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa kata na mitaa, watoa huduma za afya, wazazi wetu na wanakikundi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kukaa nasi hapa Kirumba, jirani na mwalo ambao wengi wetu tulianza kuuza dagaa tukiwa bado watoto. Mwaka huu tumeona tuanze na habari za kituo cha mbali, ambacho historia yake imetufundisha kazi yetu.

Kituo hicho ni Whitman-Walker cha Washington, Marekani. Kilianza mwaka 1973 katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri la Georgetown, kikiwa kliniki ya magonjwa ya zinaa kwa wanaume wanaopenda wanaume, watu ambao kwingine walipokewa kwa dharau au hawakuthubutu kabisa kueleza maradhi yao. Kilisajiliwa mwaka 1978 kwa majina ya watu wawili: Walt Whitman, mshairi aliyewauguza askari majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika hospitali za mji huo, na Mary Edwards Walker, daktari wa upasuaji wa vita hivyo hivyo. Jina hilo tunalipenda sana, kwa kuwa linamweka mtu aliyekuja kujitolea bila cheo cha udaktari bega kwa bega na daktari, na kikundi chetu karibu chote ni cha watu wa namna ya Whitman.

UKIMWI ulipozuka miaka ya 1980, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana, watu wa kujitolea wa kituo hicho walikaa na wagonjwa waliokimbiwa na ndugu zao, na wanasheria wakawaandikia wosia. Leo, baada ya zaidi ya miaka 50, bado kinawahudumia watu wale wale wa mwanzo, pamoja na mtu mwingine yeyote anayebisha hodi.

Miaka hiyo hiyo, upande wetu wa Ziwa, wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuja na biashara ya magendo kutoka Uganda. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Mwanza nayo ikaifundisha dunia jambo: utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa huu kati ya mwaka 1991 na 1994 ulionyesha kwamba pale matibabu ya magonjwa ya zinaa yalipoboreshwa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Watumishi walifundishwa, dawa hazikukosekana, na mgonjwa akatibiwa karibu na kwake.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunalisema linalofuata kwa uchungu. Tuliwahi kumsindikiza kijana mvuvi hadi kituo kimoja cha tiba, naye mhudumu akamuuliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima, analala na nani. Kijana aliondoka bila dawa, akarudi kambini, na tulipomwona tena baada ya miezi minne alikuwa amekonda hata tukasita kumwita jina. Sisi hatukuwahi kumuuliza swali lile, wala kazi yetu haihitaji jibu lake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda siri ya mgonjwa, nasi tunaomba isomwe na kufuatwa dirishani, mahali mgonjwa anaposimama.

Tunaomba pia chumba cha ushauri chenye mlango unaofungwa. Zaidi ya hayo, tunaomba siku za upimaji na za kuchukua dawa zipangwe wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza na kulala mchana, na ni mwezi unapong'aa ndipo wanapokuwa nchi kavu. Wanaokwenda Ukerewe na visiwa vingine wapewe dawa za miezi kadhaa.

Kijana yule sasa anatumia dawa na ana nguvu za kuvuta nyavu, lakini huvuka ziwa kwenda kuzichukua. Tungependa azipate hapa Kirumba.

Tunaomba kuwasilisha.