Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Hisa, Houston

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na hasa wale ambao hatujaonana tangu mkutano mkuu uliopita.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha nazo. Vikao vya mwezi vimefanyika kumi kati ya kumi na viwili, tumezika wapendwa wawili, tumeozesha mmoja, na karatasi za kodi za K-1 zilimfikia kila mwanachama kabla ya tarehe 15 Machi. Kuhusu fedha: tulianza mwaka na dola 58,240. Michango iliyoingia ni dola 18,450, kupanda kwa hisa pamoja na gawio kumetuletea 7,310, mhasibu na ukumbi wametugharimu 640, na makosa ya kuweka oda, yaani maagizo ya kununua au kuuza hisa, yamekula 2,185. Tumefunga mwaka na dola 81,175. Mwenye kutaka kuona risiti amwone mhazini.

Hiyo 2,185 ndiyo iliyoleta maneno mwaka mzima. Uamuzi nilioufanya baada yake umejadiliwa kwenye simu, kwenye maegesho ya msikiti na ya kanisa, na kwenye sherehe za watu, kabla haujaletwa mbele yangu. Kwa hiyo leo naueleza wote.

Kosa la kwanza lilitokea Januari. Kamati ya ununuzi ilikubaliana tuonje hisa za kampuni moja ndogo kwa dola 300 tu. Programu ya dalali wetu ina kisanduku kimoja cha kuandika tarakimu, na kando yake kitufe kidogo cha kuchagua kama tarakimu hiyo ni dola au ni hisa. Ndugu yetu aliyekuwa zamu aliandika 300 wakati kitufe kiko kwenye hisa. Akaunti ilikuwa na zaidi ya dola 19,000 taslimu, kwa hiyo oda haikukataliwa. Tena ilikuwa oda ya bei ya soko, maana yake nunua kwa bei yoyote itakayokutwa. Hisa za kampuni ndogo wauzaji wake ni wachache. Oda ilichukua za bei nafuu zikaisha, ikawapandia wa bei ya juu, na wastani ukawa dola 42.60 kwa hisa. Alasiri hiyo hiyo tuliziuza zote kwa 39.90. Hapo zilikwenda dola 810.

Siku hiyo nilimpigia dalali mimi mwenyewe na kukaa kwenye simu karibu saa mbili. Masoko ya Marekani yana kanuni ya kufuta biashara iliyofanyika kwa bei iliyo wazi kuwa si ya kweli, na maombi yanatakiwa yapelekwe ndani ya dakika 30. Bei yetu ilikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni idadi, na idadi ni ya mnunuzi mwenyewe. Wanaosema mwenyekiti hakupigania fedha zao wajue hilo.

Februari ikaja ya pili. Dada yetu wa kamati, ambaye ni nesi, alisoma habari njema za kampuni fulani saa tisa usiku akiwa zamu. Hisa ilikuwa imefunga kwa dola 18.20. Akaagiza 200 kwa bei ya soko, akarudi kwa wagonjwa wake. Soko limefungwa saa hizo, kwa hiyo oda ililala hadi saa mbili na nusu asubuhi. Habari ile ile ilikuwa imesomwa na nchi nzima, na hisa ikafungua kwa 22.90. Oda yake haikuwa na bei ya mwisho, ikanunua hapo hapo. Kufika mchana ilikuwa imerudi 18.75, na kamati ikaamua kuuza. Dola 830. Wiki mbili baadaye mtandao wa simu ukakwama, mwenzetu mwingine akadhani oda haijaenda, akabonyeza tena, na zote mbili zikapita. Oda ile ya pili ilinunuliwa kwa fedha za mauzo ya siku hiyo hiyo. Tangu tarehe 28 Mei 2024 mauzo ya hisa hapa Marekani hukamilika siku ya kazi inayofuata. Sisi tuliuza ziada ile kabla fedha hizo hazijatulia, yaani kabla mauzo yaliyozileta hayajakamilika, na dalali akatuandikia onyo. Maonyo matatu ndani ya miezi 12, akaunti hubanwa kwa siku 90. Kosa hilo dola 545.

Makosa matatu katika miezi miwili, na hakuna hata moja lililotokana na kuchagua kampuni mbaya. Yote yalitokea kwenye kidole.

Usiku mmoja mwishoni mwa Machi nilimwita katibu na mhazini, tukabadilisha neno la siri la akaunti, nikaweka utaratibu ambao baadhi yenu mnauita udikteta. Oda ya bei ya soko ni marufuku: kila oda iwe na kikomo, bei ambayo hatuwezi kuivuka tukinunua wala kushuka chini yake tukiuza. Oda haiwekwi soko likiwa limefungwa. Ikionekana kukwama, mtu afungue kwanza orodha ya oda zilizopokelewa kabla ya kubonyeza tena. Na hakuna anayetuma mpaka mtu wa pili asomewe kwa sauti: alama ya kampuni, kununua au kuuza, hisa au dola, idadi, bei, na oda inakufa leo au inabaki mpaka ifutwe. Mwisho, niliamua hasara yote ibebwe na chama, isikatwe kwa wale watatu.

Lalamiko la kwanza ni kwamba sikuitisha mkutano. Ndugu zangu, niliuitisha. Tarehe 15 Machi, kwa simu, saa mbili usiku, saa ambayo ninyi wenyewe mliichagua. Waliojiunga ni 11. Sisi ni 38 na akidi ni 20. Nikarudia baada ya wiki moja, wakaja 14, na wawili kati yao walikuwa wanaendesha gari na hawakutamka neno. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura kulinda mtaji pale akidi inapokosekana. Nilichukua. Ningeiacha akaunti wazi mpaka tupate watu 20, huenda leo tungekuwa tunasoma hesabu nyingine kabisa.

Lalamiko la pili ni la Juni. Tuliweka oda ya kununua hisa 40 kwa kikomo cha dola 112. Bei ilishuka hadi 112.60 tu, bila kufika kikomo chetu, ikageuka, ikapanda mpaka 131. Kuna waliopiga hesabu wakaniambia nimewanyima dola 760. Hesabu ni sahihi na sikatai kwamba iliniuma. Ila hizo fedha hazikuwahi kuwa zetu, na zile 2,185 zilikuwa zetu, zimetoka mifukoni mwa watu wanaofanya zamu mbili. Tangu Machi tumetuma oda 46. Mtu wa pili anayesomewa amekamata makosa matano kabla hayajatoka. Moja lilikuwa «kununua» mahali pa «kuuza». Jingine lilikuwa alama ya kampuni tofauti kabisa yenye jina linalofanana, kosa ambalo Machi 2020 liliwakumba Wamarekani wengi mpaka msimamizi wa masoko ya mitaji akasimamisha hisa zenye alama ZOOM, kwa sababu watu walikuwa wanazinunua wakidhani ni ile kampuni ya mikutano ya video, ambayo alama yake ni ZM. Katika oda hizo 46, nimesikiliza 31 mimi mwenyewe, nyingine nimeegesha lori kando ya barabara. Sidai malipo kwa hilo. Naomba tu lijulikane.

Lalamiko la tatu ndilo lililonisumbua zaidi: kwamba waliokosea walipe. Mmoja wenu aliniandikia kwamba mtu mzima asiyejua kutofautisha dola na hisa asikabidhiwe fedha za watu. Tarehe 2 Mei 2022, huko London, mfanyabiashara wa benki ya Citigroup, mtu aliyesomea kazi hiyo na kulipwa kwa kazi hiyo, alitaka kuuza hisa za dola milioni 58. Akaandika milioni 58 kwenye kisanduku cha idadi badala ya kisanduku cha thamani. Oda ikawa ya dola bilioni 444. Mitambo ilizuia sehemu kubwa, lakini hisa za bilioni 1.4 ziliuzwa kabla hajafuta. Kompyuta ilimpa maonyo 711 kwenye dirisha moja, yakionekana 18 tu ya mwanzo, akayapita. Mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza waliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 61.6. Ni kosa la ndugu yetu wa Januari, lile lile, kisanduku kwa kisanduku. Na mwaka 2005 huko Tokyo mtu wa kampuni ya udalali wa hisa ya Mizuho alitakiwa kuuza hisa moja kwa yeni 610,000, akaweka oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni moja moja, za kampuni isiyokuwa hata na hisa 15,000. Nilipoyasoma haya niliona kwamba tukimkata mwenzetu dola 810, tutapata dola 810 na tutapoteza kamati nzima, kwa kuwa nani atakubali tena kushika simu ile? Wote watatu wameomba radhi na wote watatu bado wanafanya kazi. Msimamo wangu ni huo, na mkutano huu ukiwa na akidi mnaweza kuubatilisha kwa kura.

Nimalizie na ada, jambo ambalo limepata kelele kidogo mno. Mchango ni dola 50 kwa mwezi. Watu 38 kwa miezi 12 ni dola 22,800. Zimeingia 18,450. Zilizobaki, 4,350, zinadaiwa kwa wanachama 12, ambao majina yao mhazini anayo na sitayasoma hapa. Deni hilo linakaribia mara mbili ya hasara ya makosa yote matatu. Sijawahi kupokea ujumbe hata mmoja wa hasira kuhusu hizo 4,350, na baadhi ya walioniandikia kuhusu zile 2,185 wamo kwenye orodha hiyo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuandaa somo la jioni moja kwa wanachama wapya juu ya kuweka oda, kwa akaunti ya majaribio isiyo na fedha halisi. Tunatumaini pia kuongeza watu wa pili wa kusomewa oda, angalau wawili wasiofanya kazi za barabarani, na kuangalia kama kuna dalali mwenye programu iliyo wazi zaidi kuliko hii. Tarehe tutatangaziana.

Namshukuru katibu, namshukuru mhazini, nawashukuru wale 11 wa tarehe 15 Machi. Kura ya kuthibitisha au kufuta utaratibu wa Machi itapigwa baada ya mhazini kusoma majedwali, kwa hiyo naomba asiondoke mtu.

Mwenyekiti