Kwa mtoto wa kambi asiye na mjomba ofisini

Wanangu wa kambi,

Jumapili iliyopita wanne wenu mlikuja kwangu na laptopu moja na swali moja. Wawili mmemaliza Chuo Kikuu cha Makerere, mmoja yuko Chuo cha Kyambogo, na wa nne amejifundisha mwenyewe kwa bando za usiku. Mmechanga pesa kwenye kikundi, mnataka kuingia kazi ya usalama wa mtandao, na mkaniuliza: Mzee, tununue cheti kipi? Niliwajibu ovyo ovyo kwa sababu mpira ulikuwa umeanza. Leo najibu sawasawa, tena hadharani, maana kambi za polisi za Naguru na Ntinda nako wapo vijana wenye swali hilo hilo.

Mnanijua. Nimekulia hapa kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, kwenye uniporti, kile kibanda cha bati cha askari kinachochemka mchana na kuvuja usiku. Nilianza kama mtu wa redio za polisi, nikahamia benki kushika waya na seva, na nikastaafu nikiwa mkaguzi wa mifumo. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono, ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaoandika kwenye magrupu kwamba vyeti ni karatasi tu, ujuzi ndio kila kitu. Wachunguzeni vizuri watu hao. Wengi wana mjomba ndani. Mtoto wa mkubwa haulizwi cheti, anaulizwa ataanza lini. Wewe baba yako ana V mbili za koplo mkononi na anasimama getini usiku kucha. Meneja wa rasilimali watu hamjui, wala wewe hakujui. Ujuzi wako uko kichwani, yeye anaangalia rundo la barua 300 mezani. Cheti kinakusemea kwa mtu asiyekujua. Kazi yake ni hiyo, na kwenu ninyi si ndogo.

Lakini sasa sikilizeni, hapa ndipo pesa zenu zitakapopotea.

Mmoja wenu alisema anataka CISSP, cheti cha wazoefu wa usalama wa mtandao, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye matangazo ya kazi kubwa. Mwanangu, mtihani wenyewe ni dola 749. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu, kodi ya chumba cha mtu kwa mwaka mzima. Halafu hata ukifaulu hupewi cheti mpaka uwe na miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya taaluma hiyo. Digrii inapunguza mwaka mmoja tu. Asiye na miaka hiyo huitwa mshiriki, akapewa miaka 6 ya kuitafuta. Ni cheti cha mtu aliyekwisha fanya kazi. Kijana wa miaka 23 kukikimbilia ni kama kuruti kujishonea nyota tatu begani: atapigiwa saluti siku moja tu.

Shirika linalotoa CISSP, ISC2, lilianzisha mwaka 2022 cheti cha wanaoanza, kinaitwa CC, likaahidi mafunzo na mtihani bure kwa watu milioni moja. Kabla ya kushangilia, ulizeni masharti ya siku mnayojisajili, na mjue kwamba ukifaulu kuna ada ya dola 50 kila mwaka. Bure yenye ada ya mwaka, basi mnaelewa. Kwa kuanzia si kibaya.

Security+, cheti kingine cha kuanzia, cha shirika la CompTIA, kina jina kubwa zaidi: maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, kufaulu ni alama 750 kwenye kipimo kinachoishia 900, na kinadumu miaka 3. Jina hilo lilikua kwa sababu wizara ya ulinzi ya Marekani, tangu miaka ya 2000, iliwataka watu wake na makandarasi wake wa kompyuta wawe na vyeti vya orodha yake, na hicho kimo. Kaka zenu waliokwenda Iraq kulinda mageti wanayajua mambo ya orodha za Wamarekani: usipokuwa nayo karatasi, hupandi ndege. Matangazo ya Kampala mara nyingi yamenakili orodha hizo hizo. Kwa hiyo Security+ inafaa, ila ujue unalipia nini. Na kama hujui ruta inafanya nini, anza na mitandao kwanza. Kampuni ya Cisco ina masomo ya bure mtandaoni, na CCNA, cheti chao cha mitandao, bado nakiona cheti cha heshima kuliko vingi vyenye majina ya kutisha.

Niwaambie niliyoyaona kwa macho. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu niliketi kwenye jopo la usaili. Alikuja kijana mwenye vyeti vitatu, suti nzuri, Kiingereza cha kuteleza. Nikamwekea mezani ukurasa mmoja wa rekodi za mfumo, mistari kama sitini, nikamwambia aniambie kama kuna jambo. Akanieleza misingi mitatu ya usalama wa taarifa, akanieleza aina za mashambulizi, akazungusha kalamu. Ukurasa hakuusoma.

Baada yake akaingia binti mwenye diploma na Security+ peke yake. Mchana alikuwa anauza laini na kutoa pesa za simu kwenye kibanda, jioni anafanya mazoezi kwenye kompyuta kuukuu aliyoipakia mfumo wa bure wa Linux. Aliushika ukurasa, akapitisha kidole taratibu kutoka juu. Kikasimama. "Huyu amekosea nenosiri mara thelathini na nane," akasema, "mara ya thelathini na tisa ameingia. Na ni saa nane na dakika arobaini na saba usiku. Mzee, mtu huyu ana zamu ya usiku?" Hakuwa na zamu ya usiku. Alikuwa likizo. Mwenyekiti wa jopo akafunga faili la yule wa kwanza bila kusema neno.

Angalieni vizuri: bila Security+ binti yule asingeitwa. Barua yake ingebaki kwenye rundo. Karatasi ilimfikisha mezani, kidole kikamaliza.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia habari ya dampu, yale maswali ya kuibwa mnayouziana Telegram. Kando ya kwamba ukikamatwa unafutiwa cheti, unaniharibia mimi na mwenzako. Mwajiri akishakutana na wawili wenye cheti wasiojua kitu, wa tatu ambaye ni mtoto wa kambi, mwaminifu, aliyeuza mbuzi wa mama yake kulipia mtihani, hataaminiwa. Mtoto wa mkubwa hatapata hasara yoyote. Yeye ana mjomba.

Wengi wenu mnatamani kuwa wavunja mifumo. Sawa. OSCP, cheti cha kupenya mifumo kwa ruhusa ya mwenyewe, ni cheti cha kweli: unapewa saa 23 na dakika 45 kupenya mashine, kisha saa 24 kuandika ripoti. Hiyo ripoti ndiyo huwa mnaisahau. Mteja analipia ripoti, na nimesoma ripoti za vijana wetu, hali si nzuri. Na mazoezi fanyeni kwenye mashine zenu wenyewe au zile zilizowekwa kwa ajili ya mazoezi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 haiulizi kama ulikuwa unajifunza, inauliza nani alikuruhusu. Majirani zenu ni maofisa wa upelelezi, msinitie aibu.

Ila upande wa ukaguzi msiudharau. Mwishoni mwa 2024 serikali ilikiri Bungeni kwamba akaunti zake kwenye Benki Kuu zimeingiliwa, na mji mzima ukaanza kusimulia wadukuzi wa ng'ambo. Mwaka uliofuata waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha. Hatia ni ya mahakama kuamua, siigusi. Ninachosema ni kwamba kujua nani anaruhusiwa kubadilisha hati ya malipo, na nani anamwangalia huyo, ni kazi, tena ina mshahara. Cheti chake ni CISA cha shirika la wakaguzi wa mifumo, ISACA, kipo tangu 1978, na Kampala wana tawi. Nacho kinadai miaka 5 ya kazi, kwa hiyo kiwekeni mbele kidogo.

CISA ndicho changu, na nilikipata kwa aibu. Enzi hizo mtihani ulikuwa wa karatasi na penseli, maswali 200, mara chache kwa mwaka. Nilijisajili kwa jina la kambini, lile mnaloniita ninyi nyote. Pasipoti yangu ina jina la kwenye cheti cha ubatizo. Nikafika mlangoni alfajiri, penseli tatu mfukoni, nimekariri kila kitu. Msimamizi akaangalia karatasi, akaangalia pasipoti, akaniangalia mimi. Akanirudishia vyote viwili. Ada ilikwenda, nikasubiri nusu mwaka, na mama watoto hakunisemesha wiki nzima.

Kwa hiyo hela za kikundi zisiguswe bado. Jumamosi saa nne nitakuwa chini ya ule mwembe wa karibu na kisima, nina swichi kuukuu na kompyuta mbili za kuchezea, na kurasa tano za rekodi nilizozitunga mwenyewe. Atakayezisoma vizuri ndiye tutaanza kumlipia. Kila mtu aje na ndaga muntu yake, kitambulisho cha taifa. Nataka kuyaona majina, herufi kwa herufi.

Ni mimi mzee wenu,
uniporti ya mwisho, mstari wa tatu