Si kweli kwamba wameuzoea mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja inayorudi kila utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty wa Chuo Kikuu cha Harvard, kuhusu jinsi mtaa anaokulia mtoto unavyoathiri kipato chake ukubwani, unapojadiliwa: kwamba maskini wa Marekani hukaa mitaa duni kwa sababu wameizoea. Hoja hiyo inaniuma, maana jibu lake lipo.

Kuanzia 1994 hadi 1998, familia zipatazo 4,600 za nyumba za umma katika Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilichezeshwa bahati nasibu. Baadhi zilipata vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya kodi ya pango, kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo. Baadaye ilionekana kipato cha wazazi hakikupanda, na wengi wakasema jaribio limefeli. Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakawafuatilia watoto hadi ukubwani. Waliohama kabla ya miaka 13 walikuwa wakipata karibu theluthi moja zaidi ya wenzao ambao familia zao zilikosa vocha. Waliohama wakubwa zaidi hawakufaidika hivyo. Hapo mimi hushindwa kuendelea kusoma. Ndugu wa tumbo moja, huyu ana miaka 6, yule 15, wanapakia magodoro kwenye gari moja asubuhi moja, na bado mmoja tu ndiye anayevuna. Kinachomjenga mtoto ni miaka anayokulia pale.

Sasa hilo la kuzoea. Miaka michache iliyopita, huko Seattle na vitongoji vyake, Chetty na wenzake walijaribu jambo dogo: familia zenye vocha zikapewa mtu wa kusaka nazo nyumba, wa kuzisemea kwa mwenye nyumba, na fedha za amana anayodai mwenye nyumba kabla ya mpangaji kuingia. Familia zisizosaidiwa, asilimia 15 zilihamia mitaa yenye fursa, yaani ambako watoto wa maskini huinuka zaidi kimaisha. Zilizosaidiwa, asilimia 53. Vocha ilikuwa ile ile! Waliotaka kuhama walikuwepo siku zote. Waliwekewa vizingiti tu.

Najua si kila mtu atahama, na mitaa inayoachwa nayo inadai shule na ajira. Lakini Marekani, kati ya kaya nne zinazostahili msaada wa kodi ya pango kutoka serikali kuu, ni moja hivi inayoupata, na foleni ya vocha katika miji mingi huchukua miaka. Mtoto aliyeandikishwa na mama yake akiwa na miaka 9 anaweza kufikiwa akiwa ameshavuka 13.

Msomaji wako