Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wa wanyamapori, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu imejishughulisha na jambo lisilozungumzwa mezani: matumbo ya wanyamapori wanaokula majani.

Mheshimiwa, nyati hana kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili ya kusaga chakula, chake mwenyewe cha kuvunja selulosi, ile sehemu ngumu ya majani. Tembo hana, pundamilia hana. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na protozoa (viumbe vidogo vya seli moja) waliomo tumboni.

Tulitaka kuwaona kwa macho. Nyati hatukuthubutu kumsogelea, tukaomba maji ya tumbo la ng'ombe machinjioni. Mara ya kwanza tuliyabeba kwenye chupa ya plastiki. Tulipofika yalikuwa yamepoa, na kwenye hadubini hakuna kilichotikisika. Mara ya pili tukatumia chupa ya chai. Tone moja tu, na protozoa wenye vinyweleo walikuwa wanazunguka na kugongana mbele ya macho yetu. Chupa hiyo haijarudi tena kwenye chai.

Wapangaji hao mnyama hazaliwi nao. Ndama wa tembo huokota kinyesi cha mama yake kwa mkonga akala. Mtoto wa koala, mnyama wa Australia anayeishi mitini, hulishwa kinyesi laini cha mama kabla hajaanza majani ya mkaratusi. Huko Cape Otway, Australia, mwaka 2013, koala walikula aina moja ya mkaratusi hadi matawi yakabaki matupu. Wengi walikufa njaa, na mikaratusi ya aina nyingine imesimama jirani! Baadaye watafiti waliwapa koala vidonge vya vijidudu kutoka kwenye kinyesi cha wenzao waliozoea aina hiyo ya pili. Wale ambao vijidudu vyao vya tumboni vilibadilika zaidi ndio walioila zaidi.

Hatuna ubavu wa kukufundisha kazi, Daktari, ila swali tunalo: yatima wa porini akishapewa antibiotiki, dawa zinazoua bakteria, nani humrudishia wapangaji wake? Tunaomba siku moja utupokee kazini kwako tujionee.

Ombi la pili ndilo ulilolitarajia: hadubini. Tunayo moja, na foleni ikiwa ndefu, wa mwisho hukuta protozoa wameshakufa kwa baridi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu