Boksi la gemu elfu kumi ni kupigwa, bora mjitengenezee

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu wa hapa Moshi na hata wa Arusha, hasa nyie mnaonunua hivi viboksi vya gemu vya kuchomeka kwenye TV, vile wameandika gemu 10,000 ndani. Mi ni fundi redio na TV, nipo Majengo, na kila Krismasi au Idi ikishapita meza yangu inajaa hivyo vidude. Mama anakuja amenuna, dogo yuko nyuma yake kashika pedi, "fundi hebu iangalie hii, juzi tu nimeinunua". Haya naiangalia, afu sina cha kumfanyia.

Kwasababu ukikifungua unakuta bodi ndogo tu ya umeme, chipu ya katikati wameikwangua maandishi yote isijulikane ni chipu gani, kwahiyo huwezi kutafuta mchoro wake wala spea yake, na pembeni kuna tundu la memori kadi. Hiyo kadi mara nyingi haina hata jina la kampuni iliyoitengeneza. Ndo inayotangulia kufa. Na ikifa boksi zima limekufa, linaganda kwenye ile picha ya mwanzo basi, maana programu yote na gemu zote zilikuwa humohumo na aliyekuuzia hana nakala ya kukupa, atakuambia ununue lingine.

Na hiyo elfu kumi yenyewe sasa. Nintendo ya kaseti, ile mashine ya gemu ya zamani, Wajapani waliitoa 1983, ikaingia Marekani 1985, na gemu rasmi zilizotoka kule Marekani kwa uhai wake wote hazifiki hata 700. Elfu kumi wamezipata wapi? Shuka na orodha uone: gemu ya Contra, afu Contra ya maisha 30, mbele kidogo Contra tena wamebadilisha rangi ya nguo, zote wamezihesabu. Bado hujakutana na ule uchelewaji, unabonyeza kuruka saa hii Mario anakuja kuruka ameshadumbukia shimoni. Mtoto anadhani yeye ndo hajui kucheza.

Sasa wengi hawajui kwamba hii mashine unaweza kujitengenezea nyumbani na mtoto wako akiwa pembeni anashika bisibisi. Kuna bodi inaitwa Raspberry Pi, ni kompyuta nzima kwenye bodi moja, ukubwa wake kama kile kitambulisho cha NIDA. Waingereza wa Cambridge walianza kuiuza Februari 2012 kwa dola 35, shabaha yao ilikuwa watoto wajifunze kuandika programu, mambo ya gemu watu wamekuja kuyaongezea. Afu cha kuchekesha bodi nyingi zimetengenezwa Wales kwenye kiwanda cha Sony, haohao wa PlayStation. Huna haja ya toleo jipya, Pi 3 ya mwaka 2016 inatosha hata kama ni iliyotumika, ina prosesa ya kori nne inayokimbia gigahezi 1.2 na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 1, wakati Nintendo yenyewe ilikuwa megahezi 1.79 na RAM ya kilobaiti 2 tu. Kwahiyo gemu za mashine za zamani kama Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza inazicheza vizuri. Nintendo 64 kuna gemu zitakusumbua. PlayStation 2 (PS2) usiote, na anayekuuzia boksi dogo akakuambia PS2 imo humo huyo muache hapohapo dukani.

Programu ya kuifanya bodi icheze gemu za zamani ni bure. Kuna RetroPie, kuna Recalbox, unashusha kwenye kompyuta ya mtu, unaiandika kwenye memori kadi, unachomeka kadi kwenye bodi, unaiunga na TV kwa waya wa HDMI, unachomeka pedi ya USB ya waya, ikiwaka inakuuliza kitufe kimoja kimoja ubonyeze, imeisha hiyo. Sitawadanganya lakini, bodi yenyewe ikishafika huku na usafiri na ushuru na faida ya aliyeileta bei inapanda, inalizidi lile boksi la dukani mbali tu. Ndo maana mtu akija kwangu namuuliza kwanza kama nyumbani hakuna kompyuta kuukuu imekaa stoo inakula vumbi. Kama ipo asinunue kitu, kuna programu inaitwa Batocera unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi, watoto wanacheza, ukichomoa flashi kompyuta inarudi vilevile na mafaili ya baba yapo salama.

Kwa wanaotumia bodi, msiiwashe kwa chaja ya simu ya mtaani. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5 za kweli, na hizi chaja nyingi zinazoandikwa 2.5 zikibanwa kidogo tu zinashuka, au waya wake ni mwembamba umeme unapotelea njiani. Ukiona kialama cha radi ya njano kona ya juu kulia ya kioo ujue inalia njaa, usiilaumu bodi. Umeme wetu nao mnaujua, ukikata wakati kadi inaandikwa unaweza kuamka asubuhi kadi haisomeki, kwahiyo mkimaliza kucheza zimeni kwenye menyu, msichomoe tu ukutani, na kadi ikishakuwa sawa toeni nakala nzima muiweke kwenye kadi nyingine kabatini. Hiyo nakala ndo tofauti yote na boksi la dukani jamani, kadi ikifa unachomeka ile nyingine mnaendelea kucheza jioni hiyohiyo.

Wenye TV ya chogo msizitupe. Gemu za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya hizo TV na picha yake inakaa vizuri zaidi kuliko kwenye flati. Pi 3 ina tundu lile kama la hedifoni, linatoa sauti na picha pamoja, unatumia waya wenye vichwa vitatu, njano nyeupe nyekundu. Ila sio kila waya. Kwenye Pi picha iko mkiani kabisa mwa pini na asi (ethi) inafuatia, nyaya nyingine za deki na kamera zimepangwa tofauti, ukichomeka unapata kioo cheusi na mlio wa nyuki kwenye spika. Kabla hujaja kunilipa hela jaribu kuchomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano la TV, kwa baadhi ya nyaya picha inatokea hukohuko. Na kwenye mipangilio uweke PAL, ndo mfumo wa picha wa TV zetu, ukiacha ya Kimarekani unaweza kuona picha haina rangi.

Swala la gemu zenyewe nalo niliseme maana nitaulizwa. Hizo programu haziji na zile gemu maarufu mnazozijua, na gemu nyingi za zamani bado zina mwenyewe, Sheria yetu ya Hakimiliki ipo tangu 1999 na haijasema kitu kikizeeka kidogo ni cha wote. Zipo gemu mpya kabisa watu wanazitunga siku hizi kwa ajili ya mashine za zamani na wanazigawa bure, anzeni na hizo. Hata baadhi ya programu zinazochezesha hizo gemu waandishi wake wameandika kabisa kwamba ni za matumizi binafsi, zisiuzwe, sasa wenye maboksi wamezipakia humo na wanakula hela juu yake.

Kwa wenye maduka wa hapa mjini ombi langu ni dogo. Mteja akija mchomekeeni boksi kwenye TV kabla hajalipa, mumshushie hiyo orodha mbele ya macho yake aone Contra ziko ngapi, na mumpe kadi ya pili yenye nakala hata kama mtamwongezea bei, atalipa. Na kama kuna mwenye duka anaona namharibia biashara basi aandike hapahapa gazetini, atutajie na sie chipu iliyokwanguliwa humo ndani inaitwaje.

Fundi redio,
Majengo, Moshi