Kabla ya kumtafuta promota, tafuta swali

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme juu ya jambo linalowachelewesha wanafunzi wengi wa falsafa, wa masta na wa udaktari, hapa Lubumbashi: kumpata promota, yaani profesa wa kusimamia tasnifu. Wengi huanza na jina. Humwendea profesa anayesifika, wakiulizwa wanataka kuandika juu ya nini, hujibu: falsafa na maendeleo ya Afrika. Hilo si swali, ni maktaba nzima. Profesa atakataa, au atakubali kwa adabu tu asisome kitu. Kukubaliwa hivyo kunaumiza kuliko kukataliwa, maana mwanafunzi huja kugundua mwaka umeshakwisha.

Swali litoshe katika sentensi moja. Tuchukue mfano wa nyumbani. Kitabu cha padri Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji, juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa katika mji wetu huu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, mwaka 1945. Kusema "nitaandika juu ya Tempels" hakumsaidii yeyote. Lakini ukiuliza kama ukosoaji wa mwanafalsafa Mkameruni Fabien Eboussi Boulaga wa mwaka 1968 unaliangusha wazo lenyewe la Tempels kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, au unaiangusha tu njia aliyoipita Tempels kulifikia, profesa ataona papo hapo ni maandishi gani utayasoma na kama yeye ndiye mtu wako.

Ataona pia suala la lugha, ambalo wanafunzi hulisahau. Tempels aliandika kwa Kiholanzi. Toleo la 1945 ni tafsiri. Hoja yako ikiegemea neno moja, siku ya kutetea tasnifu utaulizwa neno hilo katika lugha ya mwandishi, na pia katika Kiluba, lugha ya watu aliowaandika. Ni vivyo hivyo kwa Kant na Heidegger: asiyejua Kijerumani ampate promota anayekisoma, na aanze kujifunza mapema. La sivyo, ni heri achague mwandishi wa Kifaransa kama Ricoeur. Si aibu hata kidogo.

Ukishapata swali, usiende ofisini bado. Nenda maktaba ya kitivo, ufungue tasnifu za miaka kumi iliyopita, usome ukurasa wa kwanza tu: promota nani, mada gani, mwaka gani. Mtaala wa masomo hauonyeshi nani huwafikisha watu mwisho. Kurasa hizo zinaonyesha. Kisha soma makala mawili ya profesa uliyemchagua. Vitabu vikikosekana chuoni, ulizia Kansebula, chuo cha falsafa cha watawa Wakatoliki wa Salesiano. Masharti yao uyaulize kabla ya kupanda gari.

Ndipo uandike kurasa mbili, si zaidi: swali, jibu unalolikisia, maandishi matatu ya msingi na lugha zake, wakosoaji watano, sura tatu au nne, na miezi ya kila sura. Zichapishe kwa nafasi ya moja na nusu na pembeni pana, kwa sababu maprofesa wengi bado wanasahihisha kwa kalamu. Mpelekee, umpe wiki mbili, kisha umkumbushe kwa heshima.

Siku ya kuonana, yeye atakuuliza yake, nawe muulize haya: Profesa, unao wanafunzi wangapi sasa? Ni miezi gani unakwenda kufundisha mikoa mingine? Sura moja hurudi baada ya muda gani? Maswali haya si utovu wa adabu. Maprofesa ni wachache na wanasafiri sana, na sura iliyoachwa mezani mwanzoni mwa safari itamngoja hadi arudi. Usiombe watu wawili kwa siri. Wanakaa baraza moja la idara, watajuana.

Shefu de travo, yaani mwalimu wa chuo ambaye bado hajawa profesa, usimdharau. Hawezi kusaini kama promota, ila mara nyingi ndiye anayesoma kila tanbihi, na profesa mwenye kazi nyingi hufurahi ukimpendekeza shefu huyo awe mwongozaji wa kazi yako ya kila siku. Kuhusu fedha tuna neno moja: ada za chuo hulipwa benki, nawe ubaki na bordero yako, yaani stakabadhi ya benki. Usimamizi haulipiwi mkononi.

Nazo idara tunaziomba jambo dogo lisilo na gharama. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo zibandike kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo, karatasi moja yenye majina ya maprofesa, mada wanazosimamia, lugha wanazosoma, na nafasi zilizobaki kwa kila mmoja. Mwanafunzi atakayeikuta karatasi hiyo hatahitaji kuzunguka milango sita.

Wasomaji wenu wa falsafa,
Lubumbashi