Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne: Ombi la Mitego ya Radi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wahitimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu. Ungeweza kumtuma mwakilishi, lakini umekuja mwenyewe, na tunalichukua hilo kuwa dalili njema kwa ombi tulilonalo.

Shule yetu ilianza kwa nguvu za wananchi na vyumba viwili. Leo ina majengo manne ya madarasa, kila moja lina vyumba vitatu. Klabu yetu inaendesha kituo cha hali ya hewa chenye kipimamvua, kipimajoto na bendera ya upepo. Takwimu zake husomwa paredini kila Jumatatu, na hatujui shule jirani yenye kumbukumbu kama hizo. Tumewafundisha wanafunzi wote kwamba aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo ashikwe mara moja na kusukumwa kifua ikiwa hapumui. Mafanikio mengine yamo katika taarifa ya Mkuu wa Shule, nasi hatutayarudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lililotuleta mbele yako ni radi, na ombi letu ni mitego ya radi, yaani fimbo na waya za kuipeleka radi ardhini salama.

Ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Utafiti wa mwanasayansi Wim Thiery na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulieleza mpangilio wake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya radi hujengeka juu ya nchi kavu hadi alasiri. Usiku upepo hugeuka, dhoruba zikahamia ziwani na kuwakuta wavuvi. Kwa maneno mengine, saa za radi za nchi kavu ndizo saa za vipindi. Oktoba 2018 wanafunzi sita walikufa kwa radi wakiwa shuleni hapa mkoani Geita. Juni 2011 huko Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Shule ile baadaye ilifungiwa mfumo kamili wa kinga kwa msaada wa ACLENet, mtandao wa Afrika unaoshughulikia kinga dhidi ya radi, kwa hiyo tunachokiomba kimekwishafanyika kwa majirani zetu, katika shule ya umma kama hii.

Hapa shuleni tunafuata kanuni ya 30. Kati ya mmweko na ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, basi wote huondoka uwanjani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kanuni hiyo inataka watu wakimbilie jengo lenye kinga. Sisi tunawatoa watoto uwanjani na kuwaingiza katika majengo yasiyo na kinga.

Paa zetu ni bati la geji 30 juu ya kenchi za mbao na kuta za tofali za kuchoma. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi, na kubwa sana hufika 200,000. Ikipiga bati lile, haina njia ya chuma ya kwenda ardhini. Itaruka kutoka kwenye ukingo wa bati au msumari wa kenchi hadi kwenye mwili wa aliye karibu, au itashuka ukutani na kusambaa sakafuni chini ya miguu ya darasa zima. Wataalamu wa majeraha ya radi wanakadiria kuwa karibu nusu ya wanaokufa huuawa na mkondo uliosambaa ardhini na theluthi hivi kwa kurukiwa kutoka pembeni. Wanaopigwa moja kwa moja hawazidi 5 kati ya 100.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, tunalazimika kukumbusha kwamba ombi hili si jipya. Katika mahafali yaliyopita mgeni rasmi wa siku ile aliahidi, mbele ya wazazi hawa hawa, mitego ya radi kwa majengo yote. Tulimpigia makofi mengi. Kilicholetwa ni fimbo moja juu ya jengo la utawala. Waya wake ulipigwa misumari ukutani na kuishia kwenye nondo isiyozama hata mita moja. Tunashukuru kwa moyo uliokuwepo, lakini kifaa kile kinatutia hofu zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba volti ni ampea mara omu. Ethi, yaani sehemu inayopeleka umeme ardhini, yenye ukinzani wa omu 100 ikipokea ampea 30,000, waya ule utapanda hadi volti milioni tatu, na umeme utaruka kutoka kwenye waya kwenda kwa watu walio karibu, huku ofisi ikidhaniwa kuwa ni salama.

Tunachoomba ni mfumo kamili, na tumeupigia hesabu. Kwa jengo moja la mita 27 kwa 7 panahitajika waya wa alumini wa milimita 8 kupita juu ya kofia ya paa na kushuka sehemu sita: pembe nne na katikati ya kila ukuta mrefu, ili nafasi kati ya waya na waya isizidi mita 15. Ni mita 85 hivi. Tumechagua alumini juu kwa sababu shaba hula zinki ya bati, na pia huibwa. Lakini alumini isifukiwe, maana huliwa na udongo. Hivyo kila waya uungwe na shaba kwa kiunganishi cha metali mbili kabla ya kugusa ardhi. Chini kuwe na pete ya shaba ya milimita mraba 50, mita 80, iliyozungushwa mita moja kutoka ukutani kwa kina cha nusu mita, na fimbo sita za ethi za mita 2.4. Bati zote, fremu za chuma za madirisha na ethi ya umeme wa TANESCO viungwe kwenye pete hiyo hiyo, na mein swichi iwekewe kinga ya mkupuo wa umeme. Kila waya unaposhuka pamwagwe kokoto unene wa sentimita 15, hadi mita tatu kulizunguka eneo hilo. Kwa majengo manne jumla ni waya wa alumini mita 340, shaba mita 320 na fimbo 24.

Mitaro yote tutachimba wenyewe pamoja na wazazi, na kokoto zipo kijijini. Penye mwamba fimbo isikatwe, kama mafundi wengi wanavyofanya. Pete irefushwe kwa mlalo. Chumvi na mkaa tusiwekewe kwenye mashimo ya ethi, maana chumvi huondoka na mvua na kuozesha viungo. Tunaomba pia fedha zisinunue kile kichwa maalumu cha fimbo ya radi, cha bei kubwa, ambacho kimoja tu kinadaiwa kulinda shule nzima, kwani majaribio ya uwanjani hayajaonyesha kuwa kinaishinda fimbo ya kawaida. Na fundi asilipwe malipo ya mwisho hadi ethi ipimwe kwa mashine mbele ya Mkuu wa Shule, wakati wa kiangazi, na isome chini ya omu 10.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiulizwa tuanzie wapi, tunaomba jengo la kidato cha kwanza, kwa kuwa liko juu kabisa ya kilima. Mvua za vuli zinaanza. Tunakuomba kwa unyenyekevu, utakaposimama kuzungumza, ututajie ni majengo mangapi, tarehe ya vifaa kufika, na afisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Mwandishi wa kikao yuko tayari na daftari.

Tunaomba kuwasilisha.